"Nina mawazo": barua ya wazi kutoka Pemba kwa wenye dhamana

Waheshimiwa mliokabidhiwa afya, elimu, ajira, kilimo, bahari na usafiri wetu, Unguja na Pemba,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, na huu ni mwaka wangu wa 26 wa kusomesha. Naandika kwa ajili ya neno moja ninalolisikia kila siku, sokoni, kwenye foleni ya kituo cha afya, hata darasani: "Mwalimu, nina mawazo." Nyote mnajua kwetu neno hilo lina maana gani. Mtu akisema ana mawazo, anasema hapati usingizi, chakula hakipiti, moyo unamwenda mbio naye amekaa kitako, na kila simu ikilia anadhani ni msiba. Wazee wetu waliita wahaka, fadhaa, jakamoyo. Vijana wengi neno jakamoyo hawalijui tena, lakini lenyewe wanalo.

Nianze na mimi mwenyewe, msije mkadhani nasema ya watu. Miaka mitatu nyuma nilizindukana saa nane za usiku nikiwa siwezi kuvuta pumzi. Vidole vimeingia ganzi, kifua kimebana, jasho linanitiririka, na nikawa na yakini kuwa roho inatoka. Mume wangu alimgongea kijana wa jirani mwenye gari nikapelekwa hospitali. Nikapimwa presha, sukari, malaria. "Mwalimu, huna kitu, punguza mawazo," nikaambiwa, nikapewa panadol nikarudi nyumbani. Wiki ya pili ikaja tena. Safari hiyo nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, nikanywa dawa zake miezi miwili. Mama mkwe akasema ni shetani, nikanywa kombe, yaani maji ya aya za Kurani, nikasomewa. Kisomo sikikatai, maana kilinipa usingizi wa siku kadhaa. Lakini jakamoyo lilirudi pale pale. Ulipita mwaka, na fedha nilizokuwa nimeziweka za kuezekea nyumba zikaisha, mpaka nilipokwenda Unguja kwa shughuli nyengine na kwa nasibu nikakutana na daktari aliyenikalisha dakika arobaini. Akaniuliza nalala vipi, nadaiwa na nani, naogopa nini. Kisha akaniambia maradhi yangu yana jina, yana tiba, na sikurukwa na akili.

Dakika arobaini. Mwaka mzima kabla ya hapo hakuna aliyenipa hata tano.

Alinieleza hivi. Mtu akikutana na nyoka shambani, ubongo haungoji kufikiri. Unapeleka amri kwenye tezi zilizo juu ya figo, zinamwaga adrenalini, moyo unadunda, damu inakimbilia kwenye misuli ya miguu, tumbo linasimamisha kazi yake. Nyoka akishaondoka, mwili unatulia wenyewe. Hivyo ndivyo Mwenyezi Mungu alivyotuumba na hofu hiyo imeokoa wengi. Taabu inakuja pale nyoka haonekani wala haondoki. Mwili unakaa umejiandaa kukimbia na hakuna pa kukimbilia. Mtu anapumua harakaharaka, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, na hapo mmoja anasema kapigwa na kiharusi, mwengine anasema kapandwa na shetani.

Hatuko peke yetu. Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, milioni 58 kati yao wakiwa watoto na vijana wadogo. Hakuna maradhi ya akili yaliyoenea kuliko haya. Katika mwaka wa kwanza wa UVIKO wasiwasi na sonona vikapanda kwa asilimia 25. Na katika kila watu wanne wenye maradhi haya, anayepata matibabu ni kama mmoja.

Wengi huuliza mbona bibi zetu walikuwa na dhiki kubwa kuliko sisi na hawakuwa hivi, na jibu linalotolewa haraka ni kuwa imani imepungua. Sikubaliani nalo. Nawajua watu wa sala tano, wafungaji wa Jumatatu na Alkhamisi, ambao usiku kucha roho zao ziko juu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuomba hifadhi dhidi ya wasiwasi wa linalokuja na huzuni ya lililopita, na katika dua hiyo hiyo akataja uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu. Itazameni vizuri dua hiyo, waheshimiwa. Deni na uonevu vimepangwa safu moja na wasiwasi. Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika zaidi ya miaka elfu moja nyuma kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua na inahitaji kutibiwa. Kwa hivyo anayesema kuwa kumtafuta tabibu wa mawazo ni upungufu wa imani, hilo hakulipata kwa wanavyuoni wetu.

Mimi naona bibi zetu waliogopa vitu walivyovijua. Bibi yangu wa Mtambwe alijua bamvua, yaani maji makubwa, na maji mafu kwa kuutazama mwezi. Alijua kaskazi inaingia lini na kusi inaanza lini, na lini chombo kisitoke. Alizika watoto watatu, kwa hivyo sisemi kuwa maisha yake yalikuwa mepesi. Lakini msimu ulikuja kwa miadi yake, na msiba ulipokuja, ulikuja na watu wa kumjazia nyumba siku saba. Sisi tunaishi kwa "labda". Labda boti itatoka. Labda jina langu litakuwemo. Labda mnunuzi atakuja.

Na hili la "labda" limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwaweka watu 45 mbele ya mchezo wa kompyuta, wabahatishe chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna. Nyoka akitokea, mtu anapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Mtu angedhani mateso makubwa yangekuwa pale anapojua kwa yakini kuwa shoti inakuja. Haikuwa hivyo. Jasho liliwatoka zaidi na mboni za macho zikatanuka zaidi pale nafasi ilipokuwa nusu kwa nusu, pale hawajui kabisa.

Niliposoma habari hiyo niliwaona kinamama wetu wa mwani. Kilimo hiki kilianza Unguja, pwani ya mashariki, mwaka 1989, kikafika Pemba, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka kwetu. Wakulima wengi ni wanawake. Anashuka pwani na maji ya bamvua, anafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, kwenye kamba huku maji yamemfika kiunoni na jua linampiga mgongoni. Zamani alilima mwani wa aina ya kotonii uliokuwa na bei nzuri. Bahari ikapata joto, kotonii ikaanza kupauka na kukatika, mashamba yakafa moja baada ya jengine, akabaki na aina ya spinosamu yenye bei ndogo. Hata hiyo hajui mwezi ujao itachukuliwa kwa shilingi ngapi, wala kama itachukuliwa. Mnunuzi anakuja na bei mdomoni. Mama mmoja wa upande wa Micheweni aliniambia: "Mwalimu, ningeambiwa mapema kuwa bei itashuka, ningejua la kufanya. Ningepanda muhogo. Lakini siambiwi, basi nalala nahesabu magunia." Na ndivyo kweli, anahesabu. Mwanawe aliniambia anamsikia usiku.

Linganisheni na karafuu. Mnunuzi ni mmoja na bei inajulikana kabla mtu hajaukwea mkarafuu. Mchumaji anaogopa tawi kukatika, anaogopa mvua kumkuta karafuu zimeanikwa majamvini zikageuka mpeta, karafuu zilizoharibika. Lakini bei haimkoseshi usingizi. Kama bei yenyewe inatosha au haitoshi ni mjadala mwengine na unastahiki barua yake.

Kisha deni. Tulikuwa na upatu, zamu zinajulikana na mwenye kuuweka ni jirani. Sasa kuna mikopo inayoitwa kausha damu, na jina hilo wamelitoa wale waliokaushwa. Kuna na ile ya ndani ya simu, unabonyeza mara tatu fedha inaingia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Lakini meseji bado zinaingia. Mwalimu mwenzangu alikopa laki mbili ampeleke mtoto hospitali. Alipochelewa kulipa, waliandikiwa watu waliomo kwenye simu yake: mwalimu mkuu, shemeji zake, ustadhi wa madrasa ya wanawe. Tangu siku hiyo simu ikitetema juu ya meza, mkono wake unatetema nayo. Ni mwalimu mzuri wa hesabu. Sasa anasahau kanuni katikati ya ubao.

Ubaya mwengine wa simu nitausema kwa ufupi maana imeshalaumiwa sana. Zamani taarifa ya kifo ilibebwa na mtu, akaja akakaa nawe. Leo kabla ya chai nimeshasoma "Inna lillahi" nne kwenye magrupu, mbili za watu nisiowajua, na video ya ajali ya gari iliyotokea bara. Mwili haujui kuwa ajali iko mbali.

Boti nayo ni hivyo hivyo. Tangu Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander katika mkondo wa Nungwi ikija huku kwetu, na Julai 2012 ikafuata MV Skagit karibu na Chumbe, kuna watu wa Pemba ambao hawajawahi tena kulala chomboni. Wanakaa wima mpaka alfajiri karibu na maboya. Watu hao upepo ukivuma wanahitaji kuambiwa mapema kuwa chombo kinatoka au hakitoki, na kwa nini. Kuwekwa bandarini saa sita na mizigo na watoto bila ya neno ni kuwarejesha usiku ule.

Lipo na lile ambalo tukilisema tunaambiwa tunafukua makaburi. Kila uchaguzi ukikaribia, kinamama wa Pemba huweka mchele ndani na kuwasafirisha watoto. Wana sababu. Januari 2001 wenzetu waliuawa, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba 2015 tulipiga kura, tukakaa tukangoja, tukaambiwa uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano mwaka 2001 leo ni mzazi, na usiku akisikia gari kubwa linapita anawahesabu wanawe.

Lakini nakumbuka pia mwaka 2010. Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walikuwa wamekaa wakazungumza, tarehe 31 Julai tukapiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na uchaguzi wa Oktoba ukapita watu wanalala majumbani mwao. Hakuna daktari aliyetibu Pemba mwaka ule. Watu wazima wawili walizungumza, na kisiwa kizima kikapata usingizi. Hilo ndilo linalonipa ujasiri wa kuwaandikia nyinyi na si kuwaandikia mabingwa wa maradhi peke yao.

Kwa upande wa tiba, ombi langu ni dogo. Kwa sensa ya 2022 Pemba ina watu 543,441. Mtu wa Kojani mwenye jakamoyo hahitaji kuvuka bahari kwenda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja. Hospitali ile ina kazi yake kubwa na wanaofanya kazi pale nawaheshimu, lakini jina lake watoto wamelifanya tusi mitaani, na mtu akilisikia hukimbilia kuficha maradhi yake. Anahitaji kusikilizwa pale pale anapopimwa presha, na muuguzi yule yule, akiwa amefundishwa kuuliza maswali matano zaidi. Shirika la Afya Duniani tangu 2008 lina mpango wa kuwafundisha wahudumu wa kawaida wa afya kuyatambua na kuyatibu maradhi haya. Anayehitaji dawa apewe dawa inayofaa na afuatiliwe. Asipewe tu vidonge vya diazepam apate usingizi, maana vidonge hivyo vikitumiwa muda mrefu mwili unavizoea, na kuviacha kunakuwa maradhi mengine.

Tena tuangalie Zimbabwe, ambako madaktari wa maradhi ya akili walikuwa wachache mno. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza, na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja kati ya mengi, alishughulikie hilo kwanza. Wakakaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Kwa Kishona hali hii wanaiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ni "nina mawazo" yetu ile ile! Utafiti uliofanywa kwa watu 573 katika kliniki za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na mabibi wale walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mtasema sisi benchi tunalo, kila nyumba ya Pemba ina baraza. Nami nilidhani hivyo mwanzo. Lakini barazani mtu hasemi deni lake, maana kahawa haijapoa habari imeshafika Chake Chake. Tulichonacho ni kitu bora zaidi: tuna makungwi na masomo, wanawake waliokabidhiwa siri za ndoa za watu tangu enzi na enzi wakafa nazo. Wachukueni wawili wawili kila shehia, wafundisheni, walipeni posho isiyo ya aibu, wapeni chumba chenye mlango ndani ya kituo cha afya. Kwa wanaume tafuteni wazee wanaoaminiwa na wavuvi, kwani mvuvi hatomwambia mambo haya mtu asiyejua kushika makasia. Na skuli zetu zipewe angalau mwalimu mmoja aliyefundishwa. Mimi nashauri wanafunzi wa Kidato cha Nne kwa kubahatisha, na wakati wa mitihani wanakuja wasichana wanaotapika kwa hofu nikabaki nawashika mikono tu.

Ombi la pili halihitaji bajeti. Tuambieni mapema. Mkiwaita vijana kwenye usaili, waandikieni tarehe ya majibu, na tarehe hiyo ikifika aliyekosa aambiwe kakosa. Wanunuzi wa mwani watakiwe kutangaza bei kabla ya kupandwa mbegu, na ikibandikwa kwa sheha kila mtu ataisoma. Chombo kikizuiwa na upepo, abiria wapelekewe ujumbe kabla hawajatoka majumbani. Namba zao za simu mnazo, wanazitoa wanapokata tiketi. Habari mbaya tunaiweza. Tumeziweza nyingi.

Kuna kijana niliyemsomesha hapa Wete, sasa ana shahada. Aliitwa usaili, akaazima shati, akapanda boti ya usiku kwenda Unguja, akajibu maswali, akarudi. Huu ni mwezi wa tisa. Hakuambiwa kapata, hakuambiwa kakosa. Anaitazama simu kabla ya kutia udhu wa Alfajiri. Mama yake anamwita mvivu kwa kuwa shamba haendi, naye haendi kwa kuogopa kupigiwa akiwa hakuna mtandao. Amekonda, na mara mbili ameshapelekwa hospitali usiku kifua kikiwa kimembana, akaambiwa hana kitu.

Juzi baada ya Magharibi alipita nyumbani. Mjomba wake wa Kojani amemwambia kuna nafasi chomboni, wanaondoka dago, kambi ya uvuvi ya mbali, wiki ijayo, watakaa mwezi mzima. Akaniuliza: "Mwalimu, niende au ningoje?" Nilimpa chai. Jawabu sikuwa nalo. Linatoka kwenu, na chombo kinaondoka Jumanne.

Wabillahi taufiq.

Mwalimu wa sekondari,
Wete, Pemba